Mkono wa Kushoto

Miaka thelathini nimebana misumari kwa meno
kama mshonaji abanavyo pini,
mpaka msumari mmoja wa inchi mbili
ukaniambia: leo zamu yangu.
Jino la mbele likapasuka hadi shinani,
na tangu siku hiyo nacheka kwa kuziba mdomo
kama mwari.

Zahanati iko ghorofa ya pili, Malindi mjini,
juu ya duka la vifaa vya ujenzi.
Daktari Ruwaida alinionyesha skrubu.
Ndogo. Ndogo kuliko ya bawaba.
"Hii inaingia ndani ya mfupa wa taya.
Nitatia ganzi hapo hapo tu. Utakuwa macho."
Macho!
Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kulala.
Akasema ipo, Mombasa, na bei yake
akaiandika kwenye karatasi badala ya kuitamka.

Wiki nzima sikupata usingizi.
Mimi ni fundi wa milango. Najua keekee husema nini
ikikutana na mbao; mvule unavyolia,
mkoko unavyogoma,
na ule moshi mwembamba ukisahau kupumzika,
harufu ya mti ulioungulia ndani.
Wengine huogopa wasilolijua.
Mimi niliogopa kwa kujua.

Zuena akasema: "Mimi nimezaa mapacha bila ganzi."
Kweli.
Haikunisaidia.

Siku ilipofika nilipanda ngazi, nikashuka,
nikapanda tena.
Chini dukani walikuwa wakimpimia mtu misumari,
kilo mbili, ikimwagika kwenye mizani.

"Itauma kama chungu," akasema daktari.
Alikuwa siafu.
Kisha mdomo ukaanza kuniaga, taratibu,
na hapo nikakumbuka kuwa ganzi naijua:
utotoni Langoni, Lamu, mimi na Bwanaheri
tulishindana kula embe mbichi kwa chumvi
mpaka meno yakafa ganzi yote,
tukatafuna mkate na pamba ya godoro
tusijue kipi ni kipi.
Nikataka kucheka. Mdomo haukuwa wangu.

"Ukitaka niache," akasema,
"inua mkono wa kushoto."

Haikuuma. Ilikuwa uzito,
na sauti isiyopitia masikioni,
kama mtu anayebisha hodi
naye yuko tayari chumbani mwako.
Vidole vya miguu vilikunjamana ndani ya soksi.
Nikafumba macho nikasikiliza kama fundi:
ameanza na ncha nyembamba. Vizuri.
Sasa anamimina maji, mfupa usiungue. Vizuri.
Ametoa, amesafisha, amebadilisha ncha, pana kidogo.
Hana haraka. Huyu angeweza kunitobolea mlango.

Nikainua mkono.

Kimya. Hata kile kifyonza mate
kikanyamaza.
"Unaumia?"
Nikatikisa kichwa: hapana.
Sikuwa naumia.
Nilitaka tu kujua
kama huu mlango una komeo upande wangu.

Hakucheka. Akangoja.
Kadzo, muuguzi, akanipangusa chozi
bila kulitaja.
Nikashusha mkono mwenyewe.

Jioni hiyo nilikunywa uji uliopoa,
nusu tumboni, nusu kifuani.
Miezi kadhaa ya kungoja, kaniambia,
mfupa uizoee skrubu, uishike kama yake.
Ulimi unakwenda pale kila dakika,
unachungulia, unarudi.

Kesho kutwa nikarudi karakanani.
Nikaweka ubao, nikaanza kutoboa,
na katikati ya tundu nikasita.
"Umechoka, fundi?" akauliza Famau.
Nikasema hapana.
Ubao hauna mkono wa kuinua.
Nikaupulizia vumbi,
nikangoja kidogo,
nikaendelea.